Siku Nilipokujibia Maswali Matano

Al-Sulay, Riyadh
Alhamisi, baada ya maghrib

Simiyu mwanangu,

Barua za kwetu huanza na salamu nyingi kama majani ya miwa, halafu mwandishi anasema yeye ni mzima, wasiwasi wake ni kwako tu. Mimi hapo nimeruka. Wewe na mimi tunafanya kazi yadi moja, tunachota maji bomba moja, na hii ni wiki ya sita hujanisalimia. Nikikuanzia salamu kwenye karatasi nitakuwa najidanganya, na leo nimekusudia kupunguza kujidanganya, ingawa unajua ni kazi ngumu kwa mtu kama mimi.

Wenzako wote wako chumba cha Watanzania, pilau imepikwa, wanakuaga. Nimesikia kicheko chako mara mbili kupitia ukutani. Mimi nilisema goti linauma. Goti ni zima. Ni lile lile lililokanyaga breki ya trela kwenye mteremko wa Taif, siku breki zilipokataa kabisa, nikashuka zile kona zote hadi chini nikiwa na glasi ya chai mkono wa kushoto, na chai haikumwagika hata tone. Hadithi hiyo unaijua. Umeisikia mara nyingi hata siku moja ulinikosoa mbele ya watu, ukasema mwaka jana haikuwa chai, ilikuwa kahawa.

Kesho unakwenda Jeddah, ofisi ya bandarini. Sitakwambia habari ya joto la huko, wala ikama, kibali chako cha kuishi, uiweke mfuko gani, wala usilale na feni usoni. Mama yako atakupigia simu akwambie hayo yote, tena kwa mpangilio. Mimi nina maneno mengine, na la kwanza ni hili: umenisaliti. Ningeweza kulipamba nikalipaka asali, lakini basi si ungejua siyo mimi niliyeandika.

Habari ya uhamisho wako niliipata kwa yule karani Mfilipino. Nilikwenda kuchukua karatasi za mzigo, akaniambia kwa furaha kabisa, "Baba, mwanao anakwenda Jeddah, mabruk." Nikapokea hongera yake, nikajibu mabruk. Nikasaini karatasi mahali pasipo pake. Mimi niliyekufuatilia kwa yule ajenti wa Nairobi miezi minane, niliyemwambia kafili, tajiri aliyetudhamini, kwamba wewe ni mwanangu wa kuzaa ili akupe kitanda kwenye chumba changu, habari zako nazipata kwa karani. Kisha nikakutumia ujumbe kwamba trela yangu inashuka Jeddah Jumapili, ngoja siku mbili tu nikupeleke mwenyewe. Ukajibu umeshakata tiketi ya basi. Maneno manne. Nimeyahesabu.

Lakini usaliti mkubwa ulikuwa ule wa uwanjani, mbele ya watu. Ili niuseme huo inabidi nikusimulie mechi yenyewe, maana wewe huikumbuki. Uliyonayo kichwani umepewa na Masinde, na Masinde, pamoja na kwamba amekula ugali wangu miaka minne, ni mtu wa kueleza jambo kama anayesoma ripoti ya polisi. Mimi nilikuwa hapo karibu kuliko yeye. Nisikilize mimi.

Anzia kwa Mista Doni. Unamjua kama refa wetu na kama mzee mwenye uwanja, Mmarekani anayetufungulia lango la kambi yao kila Ijumaa tucheze raga kwenye majani, si kwenye mchanga na vipande vya chupa kama zamani. Ambalo hukulijua vizuri ni habari ya mwanawe, kwa sababu wiki ile aliyotusimulia wewe ulikuwa zamu ya ghala. Kijana wake anasoma chuo huko kwao, na anacheza ule mpira wao wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Yeye ndiye anayesimama nyuma, anayepokea mpira na kuurusha, anayeongoza wenzake. Kama namba kumi kwetu. Kama wewe. Mista Doni alikuwa akimtazama kwenye televisheni, baba na glasi yake ya maji, maili elfu na elfu kutoka alipo mtoto. Kijana akaangushwa wakati mpira umeshatoka mkononi, kisogo kikapiga chini, na mikono ikakakamaa mbele yake kama mtu anayesukuma mlango. Mista Doni alituonyesha kwa mikono yake mwenyewe jinsi ilivyokakamaa.

Yule kijana alipona. Lakini Ijumaa iliyofuata baba yake alikuja na karatasi. Hakuna kumkaba mtu juu ya kwapa. Unayekaba, kichwa chako kiende pembeni, shavu likae nyuma ya tako la mwenzako, bega ndilo lifanye kazi. Akatufanyisha mazoezi ya kukaba matairi ya lori tuliyoyatoa yadi. Na mtu akigongwa kichwa, filimbi inalia, mchezo unasimama, anaulizwa maswali matano. Uko uwanja gani? Kipindi gani hiki? Nani amefunga mwisho? Mechi iliyopita mlicheza na nani? Mlishinda? Akikosea moja anatoka, na anakaa nje Ijumaa tatu, halafu daktari ndiye anayemrudisha.

Mimi nilisema kwa Kiswahili, asisikie, "Huyu mzee anataka tucheze raga, au tubusiane mashavu kama Waarabu?" Watu wakacheka sana. Wewe pia ulicheka, tena kwa sauti, ukanipiga bega. Nakukumbusha si kwa ubaya. Nataka ujue kwamba kicheko kile kilinipandisha kichwa. Nilikuwa meneja, mwenye filimbi ya akiba na mfuko wa mipira, na kijana wangu namba kumi akinichekea vizuri mbele ya timu. Hata mfalme hakuwa na Ijumaa kama ile.

Basi, Jeddah wakaja. Unawajua, wale wa Kato, yule nahodha wao Mganda mwenye shingo kama gunia la simiti. Dakika zilikuwa zimebaki kumi, wao wako mbele kwa pointi mbili. Ukachukua mpira, ukamkwepa wa kwanza, ukamkwepa wa pili, na wa tatu akakukaba shingoni. Kwapa liko chini huko, mkono wake uko juu kooni. Ulianguka chali. Niliusikia mgongo wako, halafu nikasikia kichwa chako. Vilitoa sauti mbili tofauti.

Filimbi ikalia. Penalti yetu, mbele ya milingoti kabisa, na kwenye timu nzima ni wewe peke yako uliyejua kupiga.

Nilifika kwako wa kwanza. Masinde akaja na chupa ya maji. Mista Doni akapiga magoti, akakushika kidevu taratibu, akauliza kwa Kiingereza uko uwanja gani. Wewe ulinitazama mimi. Ukaniuliza, kwa Kibukusu, kama mama yako amesharudi kutoka sokoni Chwele. Uliniuliza kwa sauti ya mtoto, Simiyu. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu ulipokuwa darasa la tatu.

"Amesema nini?" Mista Doni akaniuliza.

Nikamwambia, "Anasema huu ni uwanja wako, na majani yanataka maji."

Akacheka. Ndiyo maana uongo ule uliingia, kwa sababu ulikuwa na mzaha ndani yake. Hicho ndicho kipaji changu, na nimekitumia maisha yangu yote, lakini sijawahi kukitumia vibaya kama siku ile. Akauliza kipindi gani. Wewe ulikuwa umefumba macho. Nikasema cha pili. Akasema anataka ujibu mwenyewe, kwa Kiingereza. Nikamwambia, Mista, huyu kijana akikasirika Kiingereza humtoka, na amekasirika kwa kukabwa shingoni, wewe mwenyewe umeona. Nikakujibia la tatu, la nne na la tano. Majibu yote yalikuwa sahihi. Nilipata tano juu ya tano, mimi niliyeishia kidato cha pili. Masinde alinitazama na chupa yake mkononi, na alielewa kila neno, kwa maana mama yake na mama yako wanauza ndizi safu moja. Nikamwambia, "Yalla, mpe maji, tunachelewa."

Wakakusimamisha. Na sasa nikwambie kitu ambacho Masinde hawezi kukwambia. Ulipiga ile penalti. Uliuweka mpira, ukarudi hatua zako tano, ukapumua, ukaupiga, na ukapita katikati kama umevutwa kwa kamba. Katika zote nilizowahi kuona sijaona penalti nzuri kama ile, na safari hii sitii chumvi. Na wewe huijui. Miguu ilikumbuka, kichwa hakikuwepo. Ni yangu peke yangu hiyo, naitazama nikiwa barabarani, na kila nikiitazama sijui nifurahi au nisimamishe gari nitapike.

Dakika tatu baadaye Kato akakukaba. Alikukaba vizuri, chini, bega kiunoni, shavu nyuma ya tako, kama karatasi ilivyosema. Mtu mwenye kichwa chake angeinuka. Wewe hukujikinga hata kwa mkono. Na hukuinuka.

Hospitali ulikaa siku mbili. Ulitapika kwenye viatu vyangu. Uliniuliza mara kumi na moja kama mechi imeisha, na kila mara nilikujibu kama ni mara ya kwanza. Daktari akasema ubongo umetikisika lakini haukuvuja damu, na akasema neno la Kiarabu ambalo nesi alinitafsiria kuwa bahati. Mama yako nilimwambia umetegua kifundo cha mguu.

Ijumaa tatu zikapita. Ukaja uwanjani ukiwa umevaa nguo za nyumbani. Mista Doni akawakusanya watu, akawa anasifu jinsi maswali yake yalivyofanya kazi hata kama bahati mbaya ilitokea baadaye. Alikuwa anasifu, Simiyu. Jambo lilikuwa linapita. Ndipo ukanyoosha mkono kama uko darasani.

"Mimi sikujibu maswali hayo," ulisema. "Baba mdogo ndiye aliyejibu."

Ulisema kwa Kiingereza, kisha ukarudia kwa Kiswahili ili asibaki mtu. Hukunitazama. Mista Doni alinigeukia akaniuliza ni kweli, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilikosa hadithi. Akanyoosha mkono tu. Nikampa filimbi. Nikampa mfuko wa mipira. Hakunitukana, na ningeshukuru kama angenitukana. Nilitembea hadi langoni na watu wote ishirini na kitu wakatazama majani, na mlinzi wa lango, ambaye hakujua lolote, akanisalimia kwa heshima, "Meneja."

Jioni hiyo ukabeba godoro ukahamia kwa Masinde.

Nilikasirika hivi: ungeniambia chumbani. Ungenifungia mlango ukanitukana, hata ukanipiga, wewe una nguvu kunishinda siku hizi. Damu hufunika damu yake. Nilikuwa nikiyasema hayo kwenye trela peke yangu, Riyadh hadi Jeddah, Jeddah hadi Riyadh. Nilikutetea na kukushtaki, nikawa hakimu pia. Kila mara ulikutwa na hatia.

Sasa kuna kitu kuhusu baba yako.

Nimekusimulia mara ngapi ile mechi ya shule, mimi kidato cha pili, kaka yangu Wekesa kidato cha nne? Wekesa akagongwa, akalala. Mimi nikambeba begani, mpira kwapani, damu ikinitiririka kutoka kwenye kovu hili la paji, nikakimbia nao wote wawili hadi nikagusa mpira chini nyuma ya milingoti, tukashinda. Uliipenda hadithi hiyo ulipokuwa mdogo. Baba yako alikuwa ameshafariki, ukaniomba niirudie kila nilipokuja likizo, na mimi kila mwaka nikaongeza mbio mita kumi.

Aliyegongwa ni mimi.

Nilianguka nikajikojolea kaptula. Nikasimama, nikaanza kukimbilia upande wa adui. Wekesa aliacha nafasi yake, mpira ukiwa unachezwa, akanishika mkono akanikalisha chini, akaweka kichwa changu kwenye mapaja yake. Mwalimu wa michezo alikuja na fimbo, akipiga kelele, shule nzima ikipiga kelele, kwa sababu aliyeshinda siku ile alikuwa anakwenda Nairobi kwa basi, na wengi wetu hatukuwa tumeiona Nairobi. Mimi mwenyewe nilikuwa nalia nirudishwe. Wekesa alisema maneno mawili tu. "Huyu harudi." Mwalimu akamchapa fimbo ya mgongo hapo hapo alipokaa. Hakutoa mkono wake kichwani kwangu.

Tulishindwa. Na unajua mimi nilifanya nini? Nilimwita msaliti. Mbele ya bweni lote. Nilisema amenifanya mtoto, ameninyima kusimama kama mwanamume. Unajua kwetu jambo hilo lilivyo. Mvulana anatoka mtoni amepakwa matope, anasimama uani, kisu kinapita, na akipepesa jicho watu wataimba habari hiyo hadi wajukuu. Wewe ulisimama vizuri, nilikuwa nyuma yako, hata ule unyasi uliosimikwa kwenye matope ya kichwani haukutikisika. Basi mimi niliamini kila maumivu ni kisu kile. Kwamba mtu ukisimama tu, ukakaza macho, yatapita na utapewa ng'ombe. Hakuna aliyeniambia kwamba ubongo hautahiriwi. Wekesa alijua, sijui alijulia wapi. Hakuwa na karatasi ya Mista Doni.

Nilimnunia miaka miwili. Nikaacha shule mwaka ule ule. Nilikwambia ni karo, lakini karo ilikuwepo. Nilichoshindwa ni kukaa darasani na watu walioona kaptula yangu. Tulikuja kusemeshana kwenye msiba wa bibi, kwa sababu tulipewa jembe moja tuchimbe. Hakuwahi kuitaja mechi ile. Hata alipokuwa akiumwa, mwaka ule wa mwisho, wewe ukiwa na miaka saba unacheza chini ya kitanda chake, mimi nilikaa pale nikimsimulia habari za trela na chai, na yeye akicheka kwa kushika mbavu, na sikumwambia asante. Kaburini nilisema hotuba ndefu kuliko mchungaji. Ndani ya hotuba hiyo niliingiza ile hadithi ya kumbeba begani.

Na kovu hili ni la boriti ya banda la ng'ombe. Nilikuwa nakimbia nyuki.

Basi ulipoinua mkono ule uwanjani ukasema kwa sauti ya chini, bila hasira, nilishtuka kwa sababu nyingine pia, ambayo sikumwambia mtu. Ilikuwa sauti ya Wekesa. Nilidhani nimechukia kwa kuwa umeniaibisha. Nadhani nilichukia kwa kuwa niliitambua.

Usidhani nimemaliza uchungu. Bado naona ungeniambia chumbani kwanza. Nitaona hivyo hata nikiwa mzee wa mkongojo. Mtu anaweza kustahili kusalitiwa na bado ikamuuma, hivyo viwili vinakaa chumba kimoja na havigombani.

Sasa nakuja kwenye jambo la leo, na hapa ndipo ninapokuomba usikunje karatasi.

Mchana ulileta sanduku lako nilifunge kwa kamba, kwa sababu zipu imekufa na hakuna anayejua fundo la trela kama mimi. Ulilileta ukaliweka mlangoni bila neno, lakini ulilileta, na mimi nikaona hiyo ni salamu. Nilipolikaza kitu kikapasuka ndani, nikafungua nione nimevunja nini. Ilikuwa sahani. Nimeweka yangu badala yake. Lakini chini yake nikaona njumu zako za raga, zimesafishwa, kamba mpya. Na ndani ya njumu ya kushoto nikakuta makaratasi ya Panadol. Matupu. Yamekunjwa madogo madogo, yamesokomezwa hadi kwenye vidole, kama mtu anavyoficha sigara.

Nikakaa kitandani nikayafungua moja moja. Yalikuwa tisa.

Wiki iliyopita nilikuona ghalani ukisoma lebo ya kreti umefumba jicho moja. Masinde nilimuuliza, tulikuwa hatujasemeshana naye tangu siku ile, na akaniambia kwa ripoti yake ya polisi kwamba mchana huwa unalala na taulo usoni, na taa ukiwashiwa unafoka. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Mzee, aliniapisha. Na mara ya mwisho nilipotoa siri, familia yenu ilivunjika."

Kwa hiyo kichwa bado kinauma. Na Ijumaa ijayo unataka kuvaa njumu hizo kwa Kato, mahali ambapo hakuna anayejua, na ukiulizwa maswali matano utayajibu mwenyewe, vizuri, kwa Kiingereza safi, ukiwa umemeza mbili. Ulinishtaki kwa kukujibia uongo, na sasa unajijibia. Sikulaumu. Najua ulikojifunza. Ulijifunzia chumba hiki hiki, kwa mtu ambaye katika hadithi zake zote hajawahi kuwa yeye aliyeanguka.

Ningeweza kukuita tukae tuzungumze. Ungesema ni macho, ni jua, ni vumbi la yadi. Na mimi ningekubali, kwa sababu usiku mmoja tu wa kupatana na wewe ningeununua kwa bei yoyote. Hilo ndilo lililoniogopesha. Najijua.

Nimempigia Kato. Kabla ya maghrib, nikiwa nyuma ya yadi, njumu yako moja mkononi. Nimemwambia yote: taulo, jicho, Panadol. Akaniuliza, bila adabu na kwa haki yake, "Mzee, si wewe uliyetuambia yuko sawa?"

Nikamwambia ndiyo mimi. Nikamwambia, "Huyu harudi."

Akadhani sikumaliza, akangoja. Nikarudia. Huyu harudi, mpaka daktari wa kichwa amuone kwanza, na karatasi ya daktari Kato aisome mwenyewe kwa macho yake, asisomewe na mtu wa familia yetu. Amekubali. Amesema utakuja mazoezini utashika filimbi, utapanga koni, lakini jezi hugusi. Mista Doni nimempelekea ujumbe vilevile, na amejibu kwamba anamjua daktari wa Jeddah atakayekuona. Hakuandika zaidi ya hapo, wala hakuniita meneja.

Kwa hiyo nimetoa siri yako kwa watu kabla ya kukwambia chumbani. Ni lile lile ulilonitendea, na nilivyokushtaki kwa hilo wiki sita unajua. Utachukia. Utasema hata njia hujaishika, hata mlango wa Jeddah haujafunguka, mzee ameshakuharibia. Sikuombi usikasirike. Mimi nilimnunia baba yako miaka miwili kwa jambo hili hili, wewe chukua muda wako. Ila ukifika mwaka wa pili ukiona bado una kichwa kizima cha kuninunia, ujue ndicho nilichokuwa nataka.

Barua nimeisokomeza ndani ya njumu ya kushoto. Makaratasi ya Panadol nimeyatoa nimeyatupa. Njumu zenyewe sikuzitoa. Ni zako, na siku moja utazivaa, naamini, nikiwa nimeegesha trela nje ya uwanja huo wa Jeddah, nje, kwa sababu ndani sina ruhusa.

Nasikia mnatoka. Umecheka tena. Kumbe unacheka kama yeye.

Mimi baba yako mdogo,
Wanyonyi

Ile chai ya Taif ilimwagika yote, Simiyu. Na breki zilikuwa nzima. Niliogopa tu.